Mashine ya Kukalia Kwenye Mteremko wa Karema

Nyumba ya wageni niliyokuwa nasimamia Karema imejengwa juu ya kilima, uso kwa uso na Ziwa Tanganyika. Vyumba viko juu, na kutoka barazani nyasi zinateremka moja kwa moja hadi kwenye ukuta wa mawe unaofika kiunoni. Nyuma ya ukuta huo ardhi imekatika ghafla, na chini yake kuna ufuko mwembamba ambako akina mama huanika dagaa. Wageni walikuwa wanakaa barazani wakisifia ziwa. Mimi nikiangalia upande ule nilikuwa naona nyasi tu.

Nyasi zilikuwa kazi ya shemeji yangu, mume wa marehemu dada yangu. Alikuwa anafyeka pale kwa fyekeo la mkono miaka mingi kabla sijaja, na ndiye aliyenipeleka kuomba kazi. Msimu wa mvua alikuwa anaanza juu, na akifika ukutani, huku juu zimeshaota tena. Mgongo ukaanza kumsumbua. Asubuhi nilikuwa namwona anashika kwanza nguzo ya baraza, ananyooka taratibu, ndipo anainama kuokota fyekeo. Nikimuuliza, anasema amelala vibaya.

Kisha mgeni mmoja akamkuta nyoka kwenye ngazi ya chumba chake. Habari zikamfikia mwenye nyumba, mama wa makamo mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mpanda mjini. Sote tulimwita Hajati.

"Nyasi zimewashinda," aliniambia kwenye simu. "Kuna mtu hapa mjini anauza mashine za kukalia, unakata umekaa kama uko kwenye pikipiki. Njoo uzione."

Nilipanda basi kesho yake. Yule muuzaji alikuwa na uwanja nyuma ya barabara ya sokoni, amepanga majenereta na pampu za maji, na katikati mashine mbili za kukatia nyasi. Moja ilikuwa ya njano, inang'aa, haina usukani. Ilikuwa na mikono miwili ya chuma: ukisukuma mmoja na kuvuta mwingine, inageuka palepale ilipo. Magurudumu yake ya mbele yalikuwa madogo, yanazunguka yanakotaka yenyewe. Ya pili ilikuwa nyekundu iliyopauka, fupi, imekaa chini kama chura. Hiyo ilikuwa na usukani, matairi mapana ya nyuma, na nyuma ya kiti chuma kilichopinda kama fremu ya mlango, cha kumkinga mtu mashine ikipinduka, pamoja na mkanda wa kujifunga.

"Hiyo nyekundu ya kizamani," alisema muuzaji. "Chukua njano, mama. Inakata haraka mara mbili."

"Kwetu ni mteremko."

"Hii inapanda popote."

Chini ya kiti cha ile ya njano nilikuta kijitabu kimekunjwa. Kiingereza changu si kikubwa, lakini picha nilizielewa. Moja ilionyesha mashine imepinduka na mtu yuko chini yake. Pembeni waliandika nyuzi kumi na tano, na kwamba mteremko ukizidi hapo usipeleke mashine. Nilimwomba nikae nacho siku mbili. Alikubali huku anacheka.

Niliporudi Karema nilimwita fundi mwashi wa jirani. Alikuja na pimamaji ya kuangalia usawa na ubao wenye urefu wa mita moja. Aliuweka ubao kwenye nyasi, akanyanyua ncha ya upande wa bondeni hadi pimamaji ikatulia, nami nikapima kwa futikamba kutoka chini hadi kwenye ncha ile. Fundi alisema nyuzi kumi na tano ni kama sentimita ishirini na saba hivi. Karibu na baraza tulipata sentimita kumi na saba. Katikati, ishirini na nne. Hatua chache kabla ya ukuta, thelathini na nane. Tulirudia mara tatu, ikawa ileile.

Shemeji alikuwa amesimama na fyekeo lake, anatuangalia.

"Unapima nini?"

"Mashine ikija, kule chini haiwezi kwenda."

"Shemeji, mimi nimekanyaga mteremko huu kabla yako," alisema. "Hebu acha mashine ije."

Nilimpigia Hajati nikamweleza vipimo. Alinisikiliza, kisha akasema wameshakubaliana na muuzaji: keshokutwa inaletwa ile ya njano kwa majaribio, na yeye mwenyewe atakuja kuiona. Usiku huo sikulala vizuri.

Siku ya majaribio ilitanguliwa na mvua ya alfajiri. Kenta, lori dogo lililobeba mashine, ilipofika, nyasi zilikuwa zinameta. Muuzaji aliteremsha mashine kwa mbao mbili, akaiwasha, ikanguruma. Hajati alisimama barazani na mkoba wake begani. Nikaenda kumwamkia.

"Shikamoo Hajati. Naomba tusubiri jua lizikaushe nyasi. Na tuishie pale." Nilikuwa nimechomeka vijiti vyenye vitambaa vyeupe mahali vipimo vilipoanza kuzidi.

"Marahaba. Huyu anataka kurudi Mpanda leo, barabara ikiharibika atalala njiani."

Nilipogeuka, shemeji alikuwa ameshakaa kwenye kiti. Alikuwa amevaa shati la kanisani. Muuzaji ameinama anamwonyesha ile mikono ya chuma, naye anaitikia kwa kichwa haraka haraka, namna anavyofanya akiwa hajaelewa.

Nilikwenda nikasimama mbele ya mashine.

"Shuka, shemeji."

"Toka hapo."

"Nimesema shuka."

Akanitazama, na macho yake yalikuwa mekundu. "Unanidhalilisha mbele ya watu."

"Mwache ajaribu," alisema Hajati kutoka barazani. "Si ndiye atakayeitumia?"

Kazi ile ndiyo iliyokuwa inasomesha wanangu wawili. Nilitoa funguo za nyumba mfukoni, nikazinyanyua azione. "Hajati, akiondoka na hii mashine hapo, nakukabidhi hizi sasa hivi. Mimi siwezi kuangalia."

Mashine ilikuwa inanguruma tu. Kisha muuzaji akacheka, akamgusa shemeji begani. "Shuka baba, niwaonyeshe mimi. Nyie wote mna woga wa bure."

Shemeji alishuka, akapita karibu yangu bila kuniangalia.

Muuzaji alikata vizuri sehemu ya juu, kwenda na kurudi, na nyuma yake nyasi zikabaki kama zulia. Hajati akatikisa kichwa kuridhika. Mimi nilikuwa naangalia vijiti. Alivifikia, akavipita. Kimoja kililiwa na visu, na kitambaa kikatoka vipandevipande.

Akageuza mashine ielekee ziwani.

Magurudumu ya nyuma ndiyo yenye nguvu, na kwenye mteremko uzito wote ukahamia mbele, kwenye yale madogo yasiyoshikwa na kitu. Nilimwona akivuta mikono yote miwili. Matairi ya nyuma yaliacha kuzunguka, lakini mashine haikusimama. Iliteleza kwenye nyasi mbichi kama sabuni kwenye beseni, kwanza polepole.

"Ruka!" shemeji alipaza sauti. "Ruka upande wa juu!"

Nilikumbuka wale akina mama wa dagaa. Sikungoja kuona. Nilikimbilia ngazi za pembeni zinazoshuka ufukweni, huku napiga kelele waondoke ukutani. Walikuwa watano, mmoja na mtoto mgongoni. Waliangalia juu, wakaacha dagaa, wakakimbilia kwenye mitumbwi. Nikasikia kishindo, na mawe ya ukuta yakaporomoka hadi pale walipokuwa wameinama.

Mashine haikuanguka. Ilikuwa imening'inia kwenye pengo la ukuta, pua chini, matairi ya nyuma hewani. Na ilikuwa bado inanguruma, visu vinazunguka. Inatakiwa mtu akitoka kwenye kiti ijizime yenyewe. Baadaye tuliona swichi ya chini ya kiti imefungwa kwa waya. Visu vilikuwa vinachota udongo na changarawe na kuzirusha, tukazisikia zikigonga mitumbwi.

Nilipopanda, muuzaji alikuwa amekaa kwenye nyasi ameshika kifundo cha mguu, uso umepauka. Shemeji alikuwa anashuka kuelekea mashine.

"Usiende," nilimwambia.

"Haiwezi kuachwa hivi. Ikishuka itaua mtu."

"Watu nimeshawaondoa. Usiende, nakuomba."

Alisimama. Nilimshika mkono. Tulisimama hivyo tukisikiliza injini ikibadilisha sauti, ikikohoa, ikipanda tena. Kila ilipotikisika, jiwe jingine lilidondoka. Mwishowe mafuta hayakuifikia tena kwa jinsi ilivyoinama. Ikazimika. Nikaanza kusikia mawimbi.

Wavuvi waliifunga kamba wakaivuta juu. Muuzaji alipelekwa zahanati. Mguu ulikuwa umeteguka, haukuvunjika. Hajati alikaa kwenye ngazi ya baraza muda mrefu, kisha akashuka mwenyewe ufukweni kuwaomba radhi wale akina mama. Aliporudi alikaa karibu yangu.

"Ile nyekundu," akasema, "ndiyo yenye mkanda?"

"Ndiyo. Na hiyo pia haifiki kule chini."

"Sawa. Nionyeshe hivyo vipimo vyako."

Tulinunua nyekundu ya aina ileile kwa mtu mwingine, baada ya fundi wa mashine kuhakikisha swichi ya kiti inafanya kazi. Tulikubaliana: ni kupanda na kushuka tu, hakuna kukata kwa ubavu, hakuna kugeuza mteremkoni, na nyasi zikiwa mbichi mashine inabaki bandani. Mita za mwisho kabla ya ukuta tuliwaachia mbuzi wa jirani, wakifungwa kwa kamba.

Shemeji hakunisemesha karibu wiki mbili. Chakula nilikuwa namwekea mezani, anakula, ananyanyuka. Jioni moja alikuja jikoni akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Siku ile na mimi niliogopa," alisema.

"Sasa kwa nini ulikaa?"

"Nilisikia Hajati anamwambia dereva aliyemleta, mwenye kuweza mashine ndiye atakayebaki. Mgongo wangu unaujua. Nikasema nisipokaa pale leo, nimekwisha."

Sikuwahi kumuuliza, nilikuwa nimeshughulika na ubao na pimamaji. Nikamwambia samahani, akasema yameisha, nimpe chumvi.

Hajati hakumfukuza. Siku ya kwanza ya mashine nyekundu shemeji alijifunga mkanda, akauvuta mara mbili kuhakikisha, akateremka kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mimi nilisimama barazani nimeshika nguzo. Alipofika kwenye vijiti vipya alisimama, akarudi kinyumenyume, taratibu, shingo ameigeuza, mpaka juu.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona. Rudia."