Homa ya Mipera

Mtaani walimwita Mama Mapera. Tangu afiwe na mumewe, mipera iliyo nyuma ya nyumba ndiyo iliyomlishia binti zake, na hakuna mti ambao hakuujua kwa tabia zake.

Adhuhuri moja alishika jani la mti mmoja akashtuka: lilikuwa la moto, ilhali la mti wa pili, juani palepale, lilikuwa baridi. Akamwagilia. Akamwagilia tena, mpaka shina likasimama kwenye tope. Majani yakazidi kulegea.

Bwana shamba aliyeitwa alikata tawi, akamwonyesha weusi uliokuwa ndani.

"Kuvu hii, mama. Imeziba mishipa ya maji. Jani lenye afya hutoka jasho, ndiyo maana hupoa. Hili limekosa maji, limefunga vitundu vyake, linaungua. Kuvu ikilimaliza, hata unyevu uliobaki litashindwa kuuzuia."

"Lakini maji yamejaa hapo chini!"

"Yamejaa, ila njia ya kupandia haipo." Akatazama huku na huku. "Hii miche mipya umeitoa wapi?"

"Kwa kaka yangu. Alinipa bure."

Bwana shamba akakuna kichwa. "Kaka yako nilimwambia zamani lile tuta la miche yenye kuvu kitaluni kwake aling'oe, alichome moto."

Mama Mapera hakulia. Jumamosi, wateja walipofurika kwenye kitalu cha kaka yake, aliketi langoni juani na matawi mawili mapajani, moja la mti mgonjwa, jingine la mti mzima likiwa kwenye kopo la maji.

"Karibu, shika jani hili. Sasa hili. Lipi lina homa? Haya, ingia ukanunue."

Watu wakashika, wakageuza njia. Kaka mtu akatoka mbio.

"Mdogo wangu, unaniaibisha! Sisi si damu moja?"

"Ndiyo maana ulinipa bure."

Jumamosi iliyofuata alirudi, na iliyofuata tena. Wifi yake akaja kumbembeleza. "Wifi, inatosha. Kwetu hakulaliki."

"Bado," alimjibu, akasikia utamu moyoni kama aliyekunywa maji baada ya kiu ndefu.

Kitalu kikafungwa. Kaka akaenda kuuza saruji dukani kwa shemeji yake. Mipera yote ilikufa. Mama Mapera akaichoma mwenyewe, akapanda mahindi, kwa kuwa udongo ule haukufaa tena kwa mipera.

Walikuja kukutana kwenye msiba wa shangazi yao. Kaka akanyoosha mkono, macho chini. Mama Mapera akaupokea mbele ya watu wote, akauachia, kisha akaenda bombani kunawa.