Kaboni za Shangazi

Shangazi yangu hakuwahi kumwamini binadamu yeyote, kuanzia daktari wa meno mpaka mimi. Alikuwa mpiga taipu. Meza yake ilikaa chini ya ngazi za jengo la ofisi, jirani na fundi saa, na watu walipanga foleni awaandikie barua: za kuomba kazi, za kudai talaka, za kumshtaki jirani aliyesogeza ukuta.

Tangu nikiwa darasa la tano, nikitoka shule alinikalisha ubavuni pake. Si kwa mapenzi. Alisema nikibaki nyumbani peke yangu nitafungua redio nione watu wa ndani.

Siku moja mama mmoja alimwambia, "Andika kwamba mume wangu ameondoka bila sababu."

Shangazi aliacha kupiga. "Alibeba nini?"

"Nguo zake."

"Na nini tena?"

Yule mama alitazama viatu vyake. "Pasi ya umeme."

"Mtu aliyeondoka bila sababu habebi pasi, dada. Huyo kuna pahali anakwenda kupendeza. Sema tena."

Akasema tena, na safari hii barua ikaandikika. Baadaye nilikaa chuoni mwaka mmoja na nusu, kabla mimi na stashahada hatujaachana, na hakuna mhadhiri aliyenifundisha kuandika kuliko ile pasi.

Kazi yangu ilikuwa kuchana kaboni, zile karatasi nyeusi za kutolea nakala. Karatasi mpya ya kaboni ukiipigia barua moja tu, ukiinyanyua kwenye mwanga unasoma kila neno. Ili nakala za barua za siri zitoke safi, Shangazi alizipiga kwa kaboni mpya, na kwa hiyo ilinibidi niichane mbele ya mteja. Nilichana kweli, ila kaboni kuukuu. Mpya niliingiza kwenye daftari langu la hesabu la shule, ambalo nilijua hakuna atakayelifungua, hata mimi.

Miaka kumi na miwili baadaye gazeti lilichapa hadithi yangu ya kwanza. Nikalibeba mbio kumwonyesha Shangazi. Nikakuta nakala nyingine imeshatupwa juu ya mashine yake, na yule mama wa pasi amesimama mkono kiunoni.

"Siri zangu nimekuletea wewe tu," alimwambia. "Kumbe unauza."

Foleni ilisikia yote. Wawili wakakunja karatasi zao, wakaondoka bila kuaga. Meza ile ndiyo iliyotulisha sote, na niliiona ikifa mbele ya macho yangu.

Shangazi alinigeukia. "Mwandishi," alisema. Ndiyo mara ya kwanza kuniita hivyo, na sikuupenda mlio wake. "Hii pasi ya kwenye hadithi umeitoa wapi?"

"Nimebuni."

"Sema tena."

Nikasema: kaboni, daftari, yote.

Hakunitukana. Aliingiza karatasi kwenye mashine. "Mwandikie. Taja, napiga."

"Kwa masikitiko makubwa..."

"Umeyapima kwa mizani ipi? Endelea."

"Sikujua kwamba ni kosa..."

"Asiyejua hafichi kwenye daftari. Sema tena."

Mara ya nne ndipo mashine ilipokubali kulia. *Nilisoma barua yako kwenye kaboni niliyoambiwa niichane. Shangazi hakujua. Nilitaka watu waseme najua kuandika.*

Yule mama alisoma mara mbili. "Haya kasema yeye, au umemtungia?"

"Kasema. Mimi nimempunguza tu."

"Nipe na kaboni yake."

Hakuichana. Aliikunja, akaitia kwenye mkoba. Aliyemfuata kwenye foleni, kabla hata ya salamu, akauliza: "Na yangu nitaondoka nayo?"

Shangazi alikubali, na tangu siku hiyo kila mteja huondoka na kaboni yake. Foleni ikarudi, ingawa hakuna anayenitazama.

Siku hizi kila hadithi naanza kumsomea yeye, nimekaa kwenye kiti cha mteja. Husikiliza amepakata begi langu. Nikimaliza hunirudishia, baada ya kulipekua.