Bi Riziki Aliponiita Adhuhuri

Sikulazimishi uamini. Lakini nilikuwepo mwenyewe, tena mchana wa jua, na sikuwa na homa wala usingizi.

Mimi ni fundi cherehani, Mkristo, nimezaliwa hapa hapa Unguja, na nimepanga chumba cha juu Mji Mkongwe. Ng'ambo ya kichochoro walikaa Mzee Kombo na mkewe, Bi Riziki. Kichochoro chenyewe chembamba, chumvi tulipeana dirishani. Bi Riziki alikuwa na utani wake: jina langu hakulitaka, akiniita "Mkristo wangu", na hakuna mwingine aliyeniita hivyo. Alipofariki nililia kama nimefiwa na mama.

Ilipopita arubaini yake, Mzee Kombo alituaga jioni moja kwamba alfajiri anakwenda Nungwi kwa binti yake. Kulipokucha, dirisha lao tuliliona limefungwa.

Siku hiyo adhuhuri, wanaume wako msikitini, nikasikia: "Mkristo wangu! We, Mkristo wangu!"

Mwili ulinisisimka mpaka kisogoni. Kila mtu wa hapa anajua: ukiitwa jua la utosi na humwoni anayekuita, usiitike. Ukiitika umejitoa. Nami nani nibishe? Nikafunga dirisha, nikakanyaga cherehani kwa fujo ili nisisikie kitu.

Kesho yake, saa ile ile, akaita tena. Safari hii sauti ilikuwa imechoka. Nikaichukua Biblia, nikaifungua ile Zaburi ya mtu anayekaa uvulini mwa Mwenyezi, asiogope cha usiku wala cha mchana. Naijua kwa moyo tangu utoto. Nikajiuliza, hivi mimi huwa naisoma tu? Niamini, hofu haikuondoka. Nikasema, "Baba, naogopa, lakini nakwenda na wewe." Kisha nikaitika kwa nguvu: "Naam, Bi Riziki!"

Nikashuka ngazi, nikavuka kichochoro. Mlango wao ulikuwa umerudishwa tu. Mzee Kombo alikuwa chini karibu na choo, amevaa kanzu ya safari, mdomo umepinda, ulimi hauwezi kutoa hata neno. Macho tu ndiyo yaliyokuwa hai. Nikapiga ukelele.

Tulimfikisha hospitali. Nje ya wodi, Bi Salma, jirani wa chini yangu, akanivuta mkono.

"Jana ulisikia?" akaninong'oneza.

"Nilisikia."

"Hata mie. Nlimsikia anakwita wewe. Nkafunga mlango, nkasoma dua, nkasema leo mwenzangu anachukuliwa." Akaanza kulia. "Kumbe masikini alikuwa anamwombea mumewe msaada."

Sasa niambie wewe: nani aliyeita? Mzee hakuwa na sauti, na binti yake alikuwa Nungwi akidhani baba kaahirisha safari. Mimi nimeacha kuuliza.

Mzee Kombo yu hai, alhamdulillahi kama asemavyo mwenyewe. Maneno yamerudi, mkono wa kulia haujarudi. Daktari alisema angefikishwa siku ile ya kwanza, huenda ungepona. Kila asubuhi namfungia vifungo vya shati, na roho inaniuma.

Kwa hiyo nakuonya, usikae ukingoja hofu iishe ndipo umtumaini Mungu. Yangu haikuisha, niliteremka nayo ngazi. Siku ile nilipoingoja iishe, mwenzangu alikuwa sakafuni.

Juzi Mzee Kombo kaniuliza, "Mwanangu, Bi Riziki alikwita mara ngapi?"

Nikamjibu, "Siku moja tu, baba."

Akafurahi, akasema jirani kama mimi hapatikani. Usiku sikulala. Asubuhi mbili zimepita sijasema; kesho nikienda kumfungia vifungo nitamwambia kweli, na hilo naliogopa kuliko nilivyoiogopa sauti ya marehemu.