Mgeni Rasmi Aliyekalishwa Pamoja na Mayaya

Jamani, mgeni rasmi alikuwa kakaa ubavuni pangu, kwenye kiti cha plastiki, na skuli nzima inamtafuta getini.

Tulieni niwape mkasa wenyewe.

Mjukuu wangu Malak anasoma skuli moja ya wenye nazo hapa Maskati. Wakatangaza siku ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia. Ati watoto waelimike.

Kuelimika kwenyewe: kupakwa madoa meupe usoni, kuvishwa manyoya ya kuku yaliyotiwa rangi, na kurukaruka jukwaani.

Malak akamuuliza mwalimu wake, Abla Rawya, "Hawa watu sasa wako wapi?"

"Khalas, wamekwisha. Na ukizidisha masuali, nafasi yako nampa mwengine."

Mtoto karudi nyumbani analia. Yeye ndiye aliyepangiwa kulisema jukwaani neno hilo la "wamekwisha", mbele ya mgeni rasmi kutoka Australia.

"Bibi, na kama si kweli?"

"Mama, mie skuli yangu iliishia darasa la saba. Si anakuja mgeni wa huko huko? Muulize."

Siku ikafika. Mwanangu Thabit kanishusha, akakimbilia ofisini kwake Al Khuwair. Mbele kumepangwa viti vya mahameli, mabirika ya kahawa, sinia la halua limetiwa zafarani na lozi juu. Kiti kimoja kina utepe wa dhahabu. Cha mgeni.

Mie goti langu halitaki ngazi za kwendea mbele. Nikakaa nyuma na mayaya, pembeni ya Nalubega, Mganda anayelea watoto wa jirani yetu.

Mara akaingia mwanamke mweusi, gauni la kitani, mkoba begani. Abla Rawya wala hakumtazama mara mbili. Akamnyooshea kidole.

"Yaya, nyuma! Yalla!"

Yule mama akaja akakaa. Nikamkaribisha, "Wa Kampala, mwanangu?"

Hakunielewa. Nalubega akamsemesha Kiingereza, kisha akaziba mdomo kwa kiganja.

"Bibi, huyu si mwenzetu! Ni daktari, ametoka Australia. Ni Mwaborijini. Ndiye waliyemwalika!"

"Kawaambie basi!"

"Amenikataza. Anasema kwanza anataka kuona wamemfanya vipi."

Huku Abla Rawya anachungulia getini, anamsubiri mzungu. Alipochoka, akaanza bila mgeni.

Basi wakaruka hao! Manyoya yanapukutika, ngoma inatoka kwenye simu, sijui ngoma ya wapi. Wazazi wanapiga picha, "Mashaallah! Mashaallah!" Mashaallah ya nini?

Ikaja zamu ya Malak. Kashika maikrofoni, madoa yanamchuruzika kwa jasho. Nalubega ananitafsiria sikioni.

"Waaborijini walikuwa watu wa zamani. Wame..."

Akaishusha maikrofoni.

"Sema!" Abla Rawya kamtolea macho.

"Nataka kumuuliza mgeni wetu. Kweli wamekwisha?"

Kiti cha utepe kitupu.

Yule mama akasimama, katikati ya mayaya.

"Hatujaisha, mwanangu. Mama yangu mzima, na asubuhi hii kanigombeza kwa simu. Na alama hizo mlizopakwa, kwetu zina wenyewe. Hujipaki mpaka ukoo wenye nazo ukuruhusu."

Mngemuona Abla Rawya! Kaja mbio na shada la maua, viatu vinamkwama kwenye zulia. "Daktari, samahani sana, hatukujua, karibu mbele..."

"Mlinionesha pa kukaa," akamjibu. "Nimeshakaa."

Na hakuondoka kitini. Ikabidi sinia la halua ndilo lihamie nyuma. Nalubega alikula wa kwanza.

Malak kaambiwa mwakani hana nafasi jukwaani. Hata hajali. Keshapata jibu lake.

Wanaoniudhi mie ni wale wazazi. Wengi ni sisi sisi wa kutoka Unguja, tunaopandisha presha tukiitwa Waswahili kwa kubezwa hapa Maskati. Halafu hao, mikono juu, wanapiga picha! Loo!

Niwaambieni, nyie mnaojiita mnasomesha: msimfundishe mtoto kumwigiza mtu ambaye, akija mwenyewe mlangoni, hamna hata kiti cha kumpa.