Siku Nilipopumua Chini ya Maji

Nililelewa Kebirigo, kwenye majani chai na migomba, na nyumbani kwetu mtoto hakukubaliwa kuingia mtoni. Kaka yangu mkubwa alikufa maji kabla sijaanza shule. Tangu hapo mama alituruhusu kuchota tu, tena tukiwa tumesimama juu ya jiwe. Nikakua, nikawa mwalimu, nikapata watoto wangu, na bado maji yakifika magotini moyo ulinienda mbio.

Rafiki yangu wa Kisii mjini, muuza vitambaa ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka pwani, ana kaka anayefundisha wageni kupiga mbizi baharini. Likizo ya Disemba kaka huyo alikuja kumtembelea, mitungi ya hewa ikiwa ndani ya buti la gari. Akaomba hoteli moja upande wa Nyanchwa imruhusu kutumia bwawa lao la kuogelea Jumapili asubuhi.

"Njoo ujaribu," rafiki yangu akanipigia simu. "Ukiogopa, utatoka."

Nilipomwambia mama, nilitegemea anikataze. Lakini akasema kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, "Twende wote." Akaketi kwenye kiti cha plastiki karibu kabisa na ukingo, mkoba mapajani.

Yule kaka, mwalimu wangu wa siku hiyo, alinifunga mtungi mgongoni. Ulikuwa mzito kama gunia la chai mbichi. "Dada, sharti kubwa ni hili," akasema. "Usizuie pumzi. Vuta, toa, polepole. Mimi nimekushika mkono."

Mara ya kwanza nilitumbukiza uso tu nikaruka juu nikikohoa. Mama alikuwa amesimama. Mwalimu hakunicheka. Alingoja nitulie, tukashuka tena. Masikio yaliuma, nikabana pua na kupuliza kama alivyonionyesha, na maumivu yakaisha. Halafu nikasikia pumzi yangu mwenyewe, ikiingia na kutoka kwa kishindo, na viputo vikipanda. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya bwawa, na nilikuwa hai.

Kwa furaha nikamwinulia dole gumba. Akanipandisha juu mara moja.

"Mbona umenitoa?" nikauliza.

"Si umeomba kutoka? Huku chini, dole gumba maana yake twende juu!"

Rafiki yangu alicheka hadi akaegemea ukuta. Nikarudi chini, nikakaa mpaka vidole vikakunjamana.

Nilipotoka, mama alinifunika taulo. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kule chini kukoje?"

Nilijua anamuulizia mwanawe. "Kumetulia, mama," nikamwambia. "Kuna mwanga."

Akaitikia kwa kichwa. Akamwendea mwalimu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mbuya mono," akamshukuru, na yule bwana wa pwani, asiyejua neno la Ekegusii, akainama akajibu, "Asante nawe, mama."

Likizo ya Aprili nilipiga mbizi baharini kwenyewe, nikaona samaki wa manjano wakipita kwenye matumbawe kama watoto wakitoka darasani. Namshukuru rafiki yangu kwa simu ile, na kaka yake kwa subira. Lakini mama ndiye ninayemshukuru zaidi. Angeweza kuniambia nisiende, na ningetii. Badala yake alivaa viatu vyake vya kanisani, akaja kuketi ukingoni.