Faustina na Pumzi ya Gari la Mama Jinal

Mjukuu wangu Faustina, fundi magari wa Iyunga, alizaliwa siku ya upepo uliombeba jogoo wangu ukamtua Chimala akiwa bado anawika. Nadhani ndiyo maana anaujua upepo. Mimi shule sikwenda, lakini nilichokiona nakisimulia, na chumvi naongeza kidogo tu.

Msimu wa mavuno uliopita alikuja Mama Jinal, yule Rekha mwenye duka Chimala, gari lake likiwa juu ya lori. Goti lake la kushoto limekufa, klachi haikanyagi, hivyo hilo gari la otomatiki ndilo miguu yake. Bila hilo, kwenda Madibira kununua mchele basi. Atabaki dukani akifukuza nzi.

"Fundi wa kwetu kasema ringi zimekwisha," alisema. "Silinda zote zinavuja. Eti injini niiuze chuma chakavu."

"Alipimaje, mama?" Faustina akauliza.

"Alijaza upepo kwenye matundu ya plagi. Ukatoka wote."

"Gia aliweka wapi?"

"Kwenye P."

Faustina akaguna. "P inafunga magurudumu tu, injini inabaki huru. Hili si gari la gia za mkono, uingize gia injini itulie. Upepo ulisukuma pistoni, injini ikazunguka, valvu zikafunguka. Amepima nyumba milango ikiwa wazi." Akanigeukia. "Bibi, njoo ushike spana."

Spana yenyewe ndefu kuliko mchi, ameichomeka kwenye bolti ya mbele ya injini. Akapandisha pistoni juu kabisa, valvu zikiwa zimefungwa, akafungulia upepo wa kompresa kwenye tundu la plagi. Ile spana ilininyanyua hadi nikaona bati la kanisa kwa juu, na kunguru akaniamkia shikamoo.

"Bibi, shuka," Faustina akasema. "Pistoni imepitiliza kidogo."

"Niache kwanza niitikie."

Akaiweka sawa. Safari hii nikakaza mikono hii iliyotwanga mahindi tangu usichana, na spana ikatulia tuli.

Hapo utani uliniisha. Upepo wa kunirusha mtu mzima ulikuwa umeketi ndani ya kile chuma, kwenye nafasi isiyojaa kikombe, umetulia kabisa. 

Faustina akafungua kifuniko cha oili, akamwinamisha Mama Jinal. "Sikiliza humo. Unasikia nini?"

"Kama mtu amelala chumba cha pili."

"Ringi zingekuwa zimekwisha, angekoroma."

Kwenye rejeta maji hayakutoa hata povu, kwa hiyo huko nako hakuvuji. Tukahamia silinda nyingine, na nyingine, nazo zikashikilia pumzi. Ya mwisho ndiyo iliyopumua nyuma, kwenye eksozi. Mama Jinal akachechemea hadi kule, akaweka kiganja. Upepo mwembamba ukawa unachezesha pindo la sari yake.

"Valvu moja haikai vizuri," Faustina akasema. "Nitafungua juu tu, niisage ikae sawa. Injini yako nzima, mama."

"Kwa hiyo Madibira nitakwenda?"

"Utakwenda."

"Ndaga, mwanangu," akashukuru kwa Kinyakyusa chake cha sokoni, lakini kiganja hakukiondoa hadi upepo ulipofungwa.

Mimi nami spana sikuiachia. Faustina alinibandua vidole kimoja kimoja.