Asubuhi ya Magodoro

Wacha niwaambie haya maneno kwa mdomo wangu kabla hamjayasikia kutoka kwa watu wa Kianda pale Kibera, kwa sababu huko yameshatiwa chumvi mpaka wengine wanasema nilizimia (sikuzimia, nilikaa tu chini). Aibu niliyopata siku hiyo siombei hata adui yangu, na hakuna aliyenisukuma, nilijipeleka na miguu yangu na maiki nikashika mwenyewe.

Si mnanijua? Mimi ni mtu wa kushuku. Maziwa nikinunua nanusa hapo hapo mbele ya mwenye duka, na mtu akinisalimia mara mbili kwa siku moja naanza kujiuliza anataka nini. Mamangu husema, "Muhonja, wewe hata malaika akikuletea habari njema utamuuliza ametumwa na nani." Sasa mtu kama huyo ndiye walimpa kazi ya kurekodi watu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tulipokuwa watoto Kibera, kanisa letu lilikuwa linatupeleka kambi kila likizo ya Agosti, huko juu Ngong kwenye baridi ya kufa mtu, na aliyetulea huko alikuwa mama mmoja Mkamba tuliyemwita Matroni. Alitupikia uji, alituchana nywele, alitufunza nyimbo, na mtoto akirudi nyumbani alikuwa anamtaja wiki nzima mpaka mama mzazi anaona wivu. Sasa amezeeka, anarudi Kitui moja kwa moja, na sisi watoto wake tukaamua kumuaga kwa sherehe kwenye ukumbi wa kanisa Kawangware, ninakoishi siku hizi, na zawadi yake iwe sauti zetu, kila mtu asimulie anachokumbuka, tuweke kwa flashi aende akisikiliza huko kwake. Nikaazima rekoda ndogo ya binamu yangu, nikaanza kuzunguka.

Wa kwanza kwanza walisimulia vizuri sana, habari za uji ulioungua, na yule mtoto aliyeficha kuku mzima ndani ya begi akitaka kumpelekea mamake. Shida ilianzia kwa Baraza, ambaye hutengeneza pikipiki pale Olympic, Kibera. Huyo tulilala naye bweni moja, lile la watoto wadogo, na mdomo wake haujui kupumzika. Basi nikamuuliza kitu nilichokuwa nakumbuka mimi mwenyewe: kwamba asubuhi moja niliamka nikajikuta kwenye kitanda cha Matroni nimevaa sweta si yangu, nikatoka nje nikakuta magodoro yote ya bweni letu yameanikwa, yamelowa chepechepe, na wenzangu wamejifunika mablanketi wakitetemeka. Matroni aliniambia paa lilivuja.

"Na ile asubuhi ya magodoro, unaikumbuka?"

Baraza akaokota spana, akaiangalia mbele na nyuma.

"Magodoro gani? Mimi sijui mambo ya magodoro. Zima hiyo kitu nifanye kazi."

Heh! Hapo moyo ukaniambia, Muhonja, hapa kuna kitu. Nilitembea mpaka nyumbani nikifikiria. Paa lilivuja vipi na nakumbuka nje kulikuwa na vumbi? Mvua gani hiyo ya kunyesha ndani ya nyumba peke yake? Na kwa nini mimi tu ndiye nilitolewa? Jibu nikalipata mara moja, jamani akili yangu: mamangu alikuwa mzee wa kanisa, kwa hivyo mtoto wake hakutakiwa kuona. Matroni aliwamwagia wale watoto maji! Aliwaadhibu kwa maji baridi, Agosti, Ngong, halafu akawatisha wasiseme. Na huyo ndiye tulikuwa tunamnunulia keki!

Kesho yake nikashuka Lindi, huko huko Kibera, kwa Kasyoka, fundi wa nguo, rafiki yangu wa tangu kambi. Nilipotaja magodoro tu, cherehani ikasimama. "Honja, aki wacha hiyo. Ilipita." Na kama bahati, Baraza naye akaingia kuchukua suruali yake, wakaangaliana, nami nikaona yale macho. Hapo ndipo nilipofanya kale kauamuzi kadogo kalikonimaliza. Nikasema, "Wacha niwaletee mandazi," nikatoka, rekoda nikaiacha juu ya meza chini ya kitambaa, inarekodi.

Niliporudi walikuwa kimya, kile kimya cha watu waliokuwa wanakusema. Nikala mandazi yangu nikitabasamu (mnafiki mimi), nikaenda nyumbani kusikiliza. Baraza anasema, "Bado anauliza ile maneno ya magodoro." Kasyoka anajibu, "Asijue. Tuliapa mbele ya Matroni. Huyu asijue hata siku moja." Halafu jirani yake, yule fundi wa kuchomelea mageti, akawasha mashine yake ya kukata vyuma, krrrrr, na kilichofuata chote kikawa kelele. Sikujali. Walikuwa wameapishwa, nilitaka nini tena?

Ningemuuliza mamangu. Ningemkalisha Kasyoka chini nimwambie ukweli. Lakini mtu wa kushuku ana ugonjwa mmoja, anaamini ukiuliza utadanganywa, kwa hivyo anajiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa. Matroni alikaa mbele na leso yake mpya, anasikiliza sauti zetu kwenye spika kubwa, anacheka mpaka anajipangusa machozi. Mimi ndani nachemka. Ilipofika zamu yangu nikashika maiki.

"Kabla hatujasifu zaidi," nikasema, "kuna watoto walinyamazishwa. Matroni, ni ukweli ama si ukweli kwamba magodoro yetu yalimwagiwa maji?"

Matroni akaniangalia machoni.

"Ni ukweli."

"Na nani aliamuru?"

"Ni mimi."

Watu wakaguna. Kuna mama mmoja nyuma alisema "Yesu!" kwa sauti. Nikauliza kwa nini, na Matroni akasema, "Hiyo siwezi kukuambia, mwanangu." Nawaambia nilijiona hakimu. Kasyoka alikuwa amesimama ananipungia mikono, "Honja, shuka! Manze shuka hapo!" nami nikamwonyesha kidole kama shahidi aliyehongwa. Nikacheza ile rekodi. Tuliapa. Asijue. Mashine ikaanza, krrrrr, nikanyoosha mkono niizime, na Deno, kijana wa mitambo, akaniita.

"Madam, usizime. Kuna watu wanaongea chini ya hiyo kelele. Naweza kuipunguza."

"Zima, mwanangu," Matroni akasema. Alikuwa ameinuka kwenye kiti. "Nakuomba, zima."

"Unaogopa nini, Matroni?" Nikamgeukia Deno. "Punguza! Wacha wote wasikie!"

Deno akazungusha vitu vyake. Kelele ikashuka, na sauti ya Baraza ikatoka kwenye spika, safi kabisa, kubwa kama ya mhubiri.

"Lakini si ni yeye alikojoa?"

"Shhh! Ni yeye ndio," Kasyoka akajibu. "Si Matroni alikuta godoro ya Honja imelowa, akambeba amelala, halafu akatuamsha sisi wote kila mtu amwage maji kwa yake, ndio wale wakubwa wa bweni ingine wasijue ni nani wamcheke."

"Na ile baridi! Mimi nilishikwa na homa juu ya mkojo ya Honja."

Ndipo nikakaa chini. Pale pale jukwaani, na maiki mkononi, ikapiga sakafu ikalia. Ukumbi ulicheka, jamani, ulicheka mpaka mchungaji akatoka nje. Mimi nililia. Si kwa sababu ya mkojo, mtoto wa miaka saba ni mtoto. Nililia kwa sababu ya ile "Ni mimi" ya Matroni.

Alikuja akanishika kichwa, akanipangusa uso na leso yake mpya.

"Uliniacha nikuchafulie jina mbele ya watu," nikamwambia. "Si ungesema tu?"

"Ningesemaje? Niliapisha watoto wadogo wanyamaze, wakanyamaza mpaka wakaota mvi. Nivunje mimi mkubwa wao?"

Rekoda niliirudisha kwa mwenyewe siku hiyo hiyo, na sitaazima nyingine. Nimeapa pia kwamba mtu akininyamazia nitamwacha na kimya chake, pengine ananibebea kitu changu. Kasyoka amenisamehe. Baraza bado ananidai homa.

Agosti ilipofika, asubuhi na mapema, simu ikalia, ni Matroni kutoka Kitui. Hakusema hata habari.

"Honja, umelala pakavu?"

Nikamwambia ndiyo, Matroni, pakavu kabisa. Tukacheka, akakata. Halafu, kwa kuwa tabia haina dawa, nikainua blanketi nikaangalia.